KIMO CHA INJINI NA JASHO LA MVUVI

Mtu akisimama alfajiri katika mwalo wa Nkome, au katika mwalo wowote wa Ziwa upande wetu wa Geita, huweza kuwatambua wavuvi kwa sauti za injini zao kabla hajaziona nyuso zao. Iko mitumbwi ijayo ikinguruma kwa sauti moja, tulivu, omo imeinuka kidogo na maji yamepasuka vizuri nyuma. Na iko ile ijayo ikilia kama ng'ombe aliyekwama matopeni: tezi imezama, povu limejaa, maji yanarushwa juu hadi mgongoni kwa nahodha, na mwendo ni wa kobe. Mwenye mtumbwi akiulizwa husema injini imechoka. Mara nyingi injini haijachoka hata kidogo. Imefungwa mahali pasipo pake.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili la kimo cha injini za kupachika, tukijua fika kwamba wapo wasomaji watakaoona ni jambo dogo mno kwa safu ya wahariri. Tunawaandikia ndugu zetu wa Izumacheli, wa Kome na Maisome, wa Ikuza na wa visiwa vingine ambavyo mtumbwi ndio barabara yao, ndio gari lao la wagonjwa, na ndio ghala la chakula chao. Tunawaandikia pia viongozi na maofisa wa Serikali wa Geita, Chato, Buchosa, na hata wa Shinyanga na Kahama, ambako Ziwa halionekani lakini dagaa na sangara wake huliwa kila siku. Bei ya samaki katika soko la Shinyanga huanza kuhesabiwa pale petroli inapomiminwa katika tangi la mvuvi. Petroli inayopotea majini hulipwa na mama mwenye kapu sokoni.

Tueleze kwanza kiini chenyewe. Kila injini ya kupachika ina mguu unaoshuka majini, na mwisho wa mguu huo ndipo ilipo propela. Juu kidogo ya propela pana bamba bapa, mfano wa ulimi, lililolala sambamba na maji. Wengi hudhani ni pambo, au ni mahali pa kukanyaga wakati wa kupanda. Bamba hilo huzuia hewa ya juu isivutwe chini na propela, na ndilo pia kipimo cha fundi. Kanuni inayokubalika duniani kote ni kwamba bamba hilo liwe usawa wa chini ya mtumbwi, au lishuke chini yake kwa sentimita mbili na nusu hivi. Likiwa chini zaidi ya hapo, mguu wa injini huwa kama nanga inayoburutwa: injini inakula mafuta kuusukuma mtumbwi na kuusukuma mguu wake yenyewe. Likiwa juu mno, propela huvuta hewa badala ya maji, injini hupiga kelele pasipo mtumbwi kwenda, na lililo baya zaidi, tundu la kuvutia maji ya kupoza hunyonya upepo na injini ikaungua.

Sasa tuone ilivyo katika mialo yetu. Watengenezaji huuza injini zenye miguu ya vimo mbalimbali: mguu mfupi kwa ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, yaani sentimita 38, mguu mrefu kwa ubao wa inchi 20, yaani sentimita 51, na mrefu zaidi kwa inchi 25. (Wavuvi wa Ziwa husema "ubao wa nyuma" tu, ndugu zetu wa Pwani wana neno zuri, tezi, kwa sehemu yote ile ya nyuma, nasi hatuoni aibu kuliazima.) Fundi wetu wa mitumbwi huchonga ubao huo kwa kimo alichofundishwa na mzee wake. Mvuvi naye hununua injini iliyopatikana, mpya ikiwa Mungu amemjalia, iliyotumika ikiwa mfuko ni mwembamba. Ni nani kati yao aliyeshika futi kamba? Tumeuliza swali hilo katika mialo zaidi ya mmoja na jawabu ni lile lile. Mguu wa inchi 20 ukitundikwa kwenye ubao wa inchi 15, propela hushuka inchi 5 zaidi ya inavyotakiwa, karibu sentimita 13. Mtumbwi huo utaburuta sentimita hizo 13 za chuma kila siku ya Mungu, usiku wa karabai na mchana wa safari, miaka yote injini itakapokuwa hai.

Hapa ndipo linapoingia bamba la kupandishia, au jeki kama wanavyoliita baadhi ya mafundi. Asili yake ni boti za uvuvi wa burudani za Marekani, ambako matajiri hushindana kwa mwendo, na ziko aina zinazopandishwa kwa mafuta ya haidroliki nahodha akibonyeza kitufe tu. Hizo hazituhusu. Ile inayotuhusu ni ya mkono: mabamba mawili ya chuma au alumini, moja limefungwa kwenye ubao wa tezi na jingine limebeba injini, nalo huteleza juu na chini katika mifereji na kukazwa kwa bolti mahali panapotakiwa. Kwa kifaa hicho injini hupanda au kushuka bila kukata ubao wala kuuongeza. Mwenye mguu mrefu kwenye ubao mfupi hupata nafuu. Anayepita penye gugumaji, au penye maji mafupi na mawe, kama yalivyo mengi katika pwani zetu, huweza kuipandisha injini yake mahali palipopimwa badala ya kuiinamisha ovyo kwa kipande cha gogo.

Lakini tusiwe watu wa kushangilia kila kitokacho ng'ambo. Bamba hili lina tabia ya kuisogeza injini nyuma, mbali na ubao, kwa sentimita 10, 15 au zaidi. Injini ya nguvu farasi 40 ya mapigo mawili ina uzito wa kilo 70 na ushei. Uzito huo ukikaa moja kwa moja juu ya ubao ni jambo moja. Ukining'inia nyuma yake, kila wimbi linaupiga ubao kama mtu anayeng'oa msumari kwa nyundo. Ubao wa msonobari uliopigiliwa misumari, usio na taruma ya kuuegemeza, hautadumu. Na tezi yenyewe itazama zaidi, kwa hiyo mtumbwi uliokuwa ukiingiza maji nyuma kwa mawimbi ya Julai utaingiza mara mbili. Mvuvi wa namna hiyo haihitaji jeki. Ahitaji ubao mpya, wenye unene na wenye magoti ya mbao ndani yanayoushika kwenye mkuku na ubavuni. Na ikiwa upungufu wake ni inchi moja au mbili tu, kipande cha mbao ngumu kilichochongwa vizuri juu ya ubao wa tezi kinatosha, nacho gharama yake ni jasho la asubuhi moja.

Kwa anayestahili kulifunga bamba, kazi huanza nchi kavu. Mtumbwi ulazwe sawa juu ya magogo. Ubao mrefu ulionyooka uwekwe chini ya mtumbwi, ukipita nyuma kama sehemu ya chini ya mtumbwi iliyorefushwa, na hapo ndipo kimo cha lile bamba la juu ya propela kipimwe. Msitari wa katikati utafutwe kwa uzi kutoka omo hadi tezi, maana injini iliyofungwa upande hata kwa sentimita chache humchosha nahodha kwa kuvuta mkono usiku kucha. Matundu ya bolti yatobolewe mara moja, yapite ubao wote, na ndani ya tezi liwekwe bamba la chuma au washa pana ili nati zisizame katika mbao. Bolti za milimita 12 zisizoshika kutu ndizo zifaazo. Kila tundu lijazwe lami au gundi ya kuzuia maji kabla ya bolti kupita, kwani maji yakiingia ndani ya ubao yataufanya uoze kimyakimya, na siku utakapokatika haitakuwa mchana wala karibu na ufuko. Baada ya safari ya kwanza nati zikazwe tena, na baada ya juma moja zikazwe tena. Injini ndogo zenye skrubu mbili za kushika kwa mkono nazo zifungwe mnyororo hadi kwenye taruma. Ziko injini chini ya Ziwa hili ambazo mnyororo wa bei ya kilo chache za sangara ungaliziokoa.

Kwa kuwa bamba limeisogeza injini nyuma, kimo nacho hubadilika. Maji yanayotoka chini ya mtumbwi unaokwenda huinuka nyuma ya tezi. Mafundi hukadiria kwamba kwa kila sentimita 25 hadi 30 injini iliyosogezwa nyuma, inaweza kupandishwa sentimita mbili na nusu. Hayo ni makadirio ya kuanzia tu. Ukweli hupatikana majini.

Na huko majini ndiko tunakoona uvivu mwingi. Fundi hufunga, huwasha, hupokea ujira, huondoka. Kurekebisha injini ni kazi ya asubuhi nzima, Ziwa likiwa limetulia, mtumbwi ukiwa na mzigo wake wa kawaida: nyavu, mafuta, barafu na watu. Kupima mtumbwi mtupu ni kujidanganya, maana mtumbwi uliojaa hukaa chini zaidi. Wawe watu wawili, mmoja wa kushika usukani na mmoja wa kutazama. Waanze na bamba la juu ya propela likiwa usawa wa chini ya mtumbwi, wafungue mafuta hadi mwisho, wasikilize. Kisha wapandishe injini tundu moja, sentimita mbili hivi, warudie. Kijito cha maji ya kupoza kinachotoka ubavuni mwa injini kitazamwe wakati wote. Kikipungua, injini imepanda mno na ishushwe mara moja. Mtumbwi ukatishwe kona kwa nguvu: ikiwa injini inapiga kelele ghafla na mtumbwi unalegea, propela imekunywa hewa. Hapo washuke tundu moja au mawili, wakaze, na hicho ndicho kimo cha mtumbwi ule. Cha jirani ni kingine.

Tukiri pia kwamba mitumbwi yetu mingi ya mbao ni mizito, haipandi juu ya maji na kuteleza kama boti za mashindano. Kwa mitumbwi hiyo mwendo hautaongezeka sana. Faida itakuwa katika mafuta na katika uhai wa injini. Tena Ziwa letu lina mawimbi mafupi yanayofuatana upesi. Injini iliyopandishwa kwa kipimo cha bwawa la Marekani itatoka majini kwenye kila wimbi. Ni heri ikae chini kidogo ya kimo cha mwendo mkubwa kabisa kuliko kupigania dakika mbili za safari.

Anayetaka kujua faida yake kwa hesabu achukue kidumu kinachopenyeza mwanga, akitie alama za nusu lita, asafiri baina ya alama mbili za ufukoni, kwenda na kurudi ili upepo usimpunje, kabla na baada ya marekebisho. Aandike. Daftari la mvuvi ni jambo geni katika mialo yetu, lakini mwenye duka wa mwaloni analo, na ndiyo maana yeye ndiye anayejua nani anadaiwa lita ngapi. Hapo hapo aangalie namba zilizopigwa kwenye propela yake. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili huonyesha umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kwa mtumbwi mzito namba hiyo ya pili ikiwa kubwa mno, injini hushindwa kufikia mizunguko iliyokusudiwa na watengenezaji, nayo hufa mapema hata kama kimo chake ni sahihi. Basi tusilibebeshe bamba la kupandishia kosa la propela.

Sasa tuzungumze na wakubwa. Mkoa huu wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012 umekaa juu ya dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji wake mkubwa mwaka 2000, na kabla ya hapo dhahabu ya hapa ilikwisha kuchimbwa tangu enzi za mkoloni. Fedha ya dhahabu imefika mwaloni. Mchimbaji aliyepata mfuko mzuri Nyarugusu hununua injini ya nguvu farasi 40 na kuitundika kwenye mtumbwi uliochongwa kwa injini ya 15, kisha humkabidhi kijana wa kisiwani akavue na kuleta hesabu. Ubao ukikatika, mwenye injini hupoteza mali. Kijana hupoteza roho. Hatusemi wenye mitaji wasiwekeze katika uvuvi. Tunasema mtumbwi ukaguliwe kwa injini iliyo juu yake, na si kwa rangi na jina lililoandikwa ubavuni. Shirika la TASAC hukagua vyombo vidogo, na tunaona juhudi zake kuhusu maboya ya kuokolea. Tunaomba futi kamba iongezwe katika mkoba wa mkaguzi, na ubao wa tezi ugongwe kwa nyundo kabla cheti hakijatiwa sahihi.

Watu wa Ziwa hatuhitaji kukumbushwa. Tuliwazika ndugu zetu wa MV Bukoba mwaka 1996, na tukawazika tena wa MV Nyerere mwezi Septemba 2018, kisiwa cha Ukara kikiwa mbele ya macho yao. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa na vilio vyake vilisikika nchi nzima. Mtumbwi wenye watu sita ukipinduka baada ya injini kuzimika kwa kuungua usiku wa upepo, huandikwa mistari mitatu, au hauandikwi.

Tunao mafundi. Mtu asiamini anayesema vifaa hivi ni lazima vitoke nje. Pale Katoro na Geita mjini wako vijana wanaounda makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, mashine zinazotikisika mchana na usiku bila kuachia. Kijana anayejua kuchomelea ekseli ya karasha hashindwi kuunda mabamba mawili yanayoteleza, akipewa mchoro na vipimo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa kazi ya namna hii hasa: kumpa fundi mdogo mchoro, kipimo na soko. Chuo cha Uvuvi Nyegezi, ambacho sasa ni sehemu ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kiko ng'ambo tu, na daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limemwondolea mwalimu wa Nyegezi udhuru wa kusubiri kivuko. Aje Nkome na chaki yake. Aje na injini iliyokatwa ili watu waone ndani.

Fedha nazo zipo. Sheria ya madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 inayataka makampuni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, ukubaliwe na Serikali za Mitaa. Tumeona kutokana na fedha hizo madarasa, zahanati na barabara, nasi tunashukuru. Lakini ni miaka mingapi visiwa vimeingizwa katika mipango hiyo kama mkia? Karakana moja ya injini mwaloni, yenye mashine ya kuchomelea, drili ya kusimama na fundi aliyefuzu VETA, haizidi thamani ya vyumba vichache vya madarasa. Madiwani wa kata za visiwani waiseme karakana hiyo katika kikao cha bajeti kwa jina lake, na wasikubali kuambiwa italetwa baadaye.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Serikali iligawa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mikopo nafuu pale Mwanza. Hatua hiyo tuliiunga mkono na bado tunaiunga mkono. Boti hizo zimekuja na injini zake. Tunauliza kwa heshima: vikundi vilivyokopeshwa vimefundishwa kupima kimo, kubadili propela, kuchanganya mafuta na oili kwa kipimo cha kitabu badala ya kipimo cha jicho? Mkopo hulipwa kwa samaki, na samaki hufuatwa kwa petroli.

Iko hoja moja nzito tuliyoelezwa na ofisa wa uvuvi, nasi hatutaki kuikwepa. Alisema: mkiwapa wavuvi injini zilizorekebishwa, mnawapa uwezo wa kulifikia kila pembe la Ziwa, hali sangara wamepungua na nyavu haramu zimejaa. Hofu yake ni ya haki. Lakini tumetazama na kuona kwamba mtu anayetupa lita kadhaa kila usiku ndiye anayelazimika kurudi na chochote, hata sangara wa kiganja, ili aweze kumlipa mwenye duka. Umaskini wa mafuta haujawahi kulinda mazalia ya samaki. Doria na ushirikiano wa vikundi vya ulinzi wa mialo ndivyo vinavyolinda, na boti za doria zenyewe, kwa taarifa ya ofisa yule, tumeziona zikiwa na bamba la propela sentimita kadhaa chini ya mahali pake.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Hakuna aliyesema choo ni jambo dogo. Redio za mikoa yetu zinasikika visiwani hadi ndani ya mitumbwi. Nusu saa kila juma, fundi akieleza kwa Kiswahili na kwa Kisukuma namna ya kulaza mtumbwi, kunyoosha uzi na kusoma kimo, haihitaji mfadhili.

Upepo wa kusini huanza kuvuma kwa nguvu mwezi Juni. Tunawaomba viongozi wa mialo wa Nkome na wa visiwani watenge siku moja kabla ya hapo, mitumbwi ipandishwe ufukoni kwa zamu, na kila ubao wa tezi upimwe na kuandikwa katika daftari la mwalo: kimo cha ubao, urefu wa mguu wa injini, nguvu zake, jina la nahodha. Ofisa uvuvi wa kata awepo. Futi kamba itakayotumika ibaki imetundikwa katika ofisi ya mwalo, mahali ambapo kila mwenye mtumbwi anaweza kuiazima na kuirudisha.